Matanga ya Baba Bila Kaikpo

Jumatatu, 2 Juni

Maandazi yameungua tena. Kuni mbichi. Wateja wangu wa pikipiki hawajali, wanakula huku injini zikinguruma. Beseni limekwisha kabla ya jua kali.

Baba mdogo Ngabu amefika kutoka upande wa Djugu, vumbi mpaka kwenye kope. Ukoo umekubaliana: Jumamosi ya wiki ijayo tunaondoa matanga ya baba. Nimefurahi. Baba alifia hapa Bunia, ukimbizini, tukamzika haraka haraka. Anastahili kuagwa vizuri.

Kisha akasema lililomleta. Kaikpo, pombe yetu ya muhogo na mahindi, nipike mimi. Kwetu binti wa kwanza ndiye hupika pombe ya kuondoa matanga ya baba yake, na kikombe cha kwanza yeye ndiye humwaga chini kwa ajili ya marehemu. Tena anaujua mkono wangu. Kabla sijabatizwa, watu walikuja kutoka Bogoro kutafuta kaikpo yangu.

Nimemjibu: mimi ni mtu wa Yesu, sipiki. Kwa sauti kubwa, kidevu juu. Nimejipenda kidogo.

Jumatano, 4 Juni

Baba mdogo hakugomba. Heri angegomba. Ameongea polepole, kama mtu anayefunga mzigo.

"Furaha, weye njo mutoto wa kwanza. Kama haupike, usikuje kukaa na siye kwa mukeka."

Kutokaa kwenye mkeka wa matanga ni kuambiwa huna baba. Mama yangu, ninayeishi naye, amenyamaza, anachambua maharage. Nimemkasirikia yeye kuliko shemeji yake.

Sipiki. Mimi mgumu, mtaa mzima unajua. Nimekimbia vita na godoro kichwani na mama mkononi. Pombe ndiyo itanishinda?

Jumamosi, 7 Juni

Imenishinda.

Baba mdogo alilia. Nilikuwa nimeandaa majibu ya ukali wake. Machozi sikuyaandalia jibu. Nikasema ndiyo. Nikajiambia kupika si kunywa.

Muhogo na mahindi yaliyochipua sasa vimo ndani ya pipa, nyuma ya nyumba. Mikono haikusahau kitu. Ilifanya kazi kwa furaha, na hilo ndilo limenitisha.

Jumapili, 8 Juni

Sikwenda kanisani. Nimesema kichwa kinauma. Uongo.

Kwaya inasikika mpaka hapa. Sauti ya pili imepwaya, ni nafasi yangu. Pipa limeanza kuchacha, linatoa mapovu na kunong'ona peke yake. Namchukia baba mdogo. Najichukia zaidi.

Jumanne, 10 Juni

Mama Espérance amekuja. Ni jirani, mke wa shemasi, tunaimba pamoja. Alinusa hewa, akaketi. Nilitaka anihubirie ili nimfukuze. Hakuhubiri. Nilimweleza yote, naye akaniuliza jambo moja:

"Ulimuomba Mungu nguvu, ao ulimuonyesha tu nguvu ya kwako?"

Nilikasirika. Kisha nikakumbuka. Kweli, tangu baba mdogo afike sijaomba hata mara moja. Nimekuwa nikimwonyesha Mungu misuli kama kijana anayetafuta kazi ya kupakua lori.

Nimepiga magoti palepale kwenye majivu. Sala fupi kuliko zote za maisha yangu: Bwana, mimi siwezi, uweze wewe. Hakuna kilichotokea. Ila nilipoinuka nilikwenda moja kwa moja kwenye pipa nikaliangusha, na sikuona huruma.

Kosa langu ni upande niliomwagia. Yote yalitiririka mpaka kwenye zizi la nguruwe la Mama Espérance. Jike kubwa limelala miguu juu, dume linagombana na ukuta.

"Nguruwe ya shemasi imelewa," alisema. "Nitaeleza nini ku kanisa?"

Nimecheka mpaka mbavu zinauma. Sikuwa nimecheka tangu msiba.

Alhamisi, 12 Juni

Nimekwenda mtaa wa Mudzipela, anakofikia baba mdogo, kumwambia usoni. Nimesema hakuna kaikpo. Amesema basi usije. Nimesema nitakuja, ni baba yangu.

Niliomba njiani kwenda na njiani kurudi. Woga haujaondoka. Nimekwenda nao hivyo hivyo.

Jumamosi, 14 Juni

Nilifika matangani na sufuria za chai ya tangawizi. Baba mdogo alikuwa ameleta kaikpo ya mpishi mwingine. Kwa kidole tu akanionyesha mahali pangu: nje, jikoni, mbali na mkeka. Nikaketi kwenye jiwe. Watu wote wanatazama. Miguu ilitaka nyumbani. Nikasema moyoni, Bwana, nishike hapa. Akanishika.

Ikafika saa ya kikombe. Akaitwa binti wa marehemu. Mimi nikasimama, nikasema siwezi kumwaga, ila naweza kumwombea mama na kuimba. Baba mdogo akageuza uso.

Mama akainuka. Mama yangu mnyamavu. Akakunja mkeka wake, akatoka nao, akautandika kando ya jiwe langu.

"Muzee wangu alikunywa hii kitu maisha yote," alisema. "Leo nataka kumulilia na akili mzima. Munipatie chai."

Shangazi wa kwanza akafuata. Kisha wengine, mikeka kwapani. Waliobaki kule ni wanaume wachache na dumu lao. Nikaanza wimbo, ukapokelewa mpaka barabarani, na waendesha pikipiki wakazima injini. Baba ameagwa vizuri. Nimelia sana na nimefurahi sana.

Tumeshinda. Mimi nilishindwa siku ile alipolia baba mdogo, nimeandika hapo juu. Huu ni ushindi wa mwingine.

Jumatatu, 16 Juni

Ukungu. Baba mdogo amepita kabla ya kusafiri, pikipiki ikimngoja. Barabara ya Djugu si nzuri siku hizi.

Hakuomba msamaha, si mtu wa hivyo. Alisogea karibu na moto wa maandazi. Halafu akavua kofia.

"Furaha, uniombee."

Nikaweka mwiko chini. Maneno sikuwa nayo, nikayaomba kwanza. Nikamwekea mkono kichwani. Nywele zake zimekuwa nyeupe kama za baba.

Ameondoka. Mafuta yalikuwa yamepoa, nikachochea moto.