Jumamosi Niliyokupangia Zamu

Vena,

Huu ni mwezi wa tano tangu tukuzike kwenu Kalinzi, kando ya mibuni ya marehemu baba yako, na bado nakuonea wivu. Nimeona nilitangulize hilo kabla hata ya salamu, kwa sababu hukupenda nizunguke. "Dada Zai, sema jambo," ndivyo ulivyokuwa ukiniambia nilipokukabidhi wodi kwa maneno mengi huku mgonjwa anasubiri. Haya, jambo ndilo hilo. Nilidhani nikishatupa udongo wangu kaburini wivu nao utabaki kule. Nilirudi nao Ujiji siku ileile, nimeupakata kwenye gari.

Wodi ya wazazi iko vilevile. Lile dirisha la chumba cha kujifungulia bado halifungi, na upepo wa ziwa ukianza tunaliegemezea kiti. Kikombe chako cha bluu hakiguswi. Siku moja nilikinywea chai makusudi, Sista Roza akanitazama mpaka nikakiosha na kukirudisha mahali pake. Mimi nilipokwenda likizo ya uzazi, nilirudi nikakuta kikombe changu kimewekewa sabuni ya kunawia mikono. Na nilikuwa hai.

Akina mama wa Mwamgongo wakishuka kwenye boti pale Kibirizi na kufika kwetu, swali lao ni moja: "Yule nesi wetu yuko wapi?" Wetu, wanasema. Nilianza kazi wodi ile miaka minne kabla yako, na hakuna aliyewahi kuniita nesi wao. Ulikuwa unawaamkia kwa Kiha, "Mwakeye," na bibi aliyenuna tangu kwenye boti anaanza kukusimulia mpaka habari za mbuzi wake. Mimi Kiha changu ni cha sokoni, cha kuombea punguzo la dagaa. Nikiwaambia kwamba umefariki, pikipiki iliteleza kwenye kona siku ya mvua ukitoka kumsalimia mama yako, wanakaa chini sakafuni na kulia, nami ndiye ninayewabembeleza.

Lakini siyo vikombe vilivyonifanya nishike kalamu. Nataka kukuambia habari ya shahada, tangu mwanzo, kama nilivyoiona mimi.

Unakumbuka tulivyojaza fomu. Sote wawili tulikuwa na stashahada, na chuo kilikuwa kimefungua kituo Mwanga kwa ajili ya wauguzi walio kazini. Darasa Jumamosi nzima, siku nyingine unasoma mwenyewe huku kazi inaendelea, mpaka miaka mitatu iishe. Tulijazia kwenye benchi la kliniki, tukipokezana kalamu. Kisha matroni akatuita akasema wodi yetu ina watu wachache, anaweza kumruhusu mmoja tu. Mwingine atasubiri mwenzake amalize. Nani aanze, tukaelewane wenyewe.

Tukatoka nje, tukasimama karibu na kamba za kuanikia mashuka. Nikakuambia, "Anza wewe, mdogo wangu."

Sasa nisikilize vizuri. Kwetu Ujiji, kwa jinsi mama alivyonilea, mtu akikukaribisha chakula unasema ahsante, nimeshiba, hata kama tumbo linanguruma. Anakukaribisha tena, unakataa tena. Ya tatu ndiyo unanawa mikono. Anayekubali mara ya kwanza tunamsema akishaondoka. Nilikukaribisha nikijua utasema hapana, dada, wewe ndiye mkubwa, wewe ndiye uliyenipokea kazini. Nami ningekataa, nawe ungeshikilia, na mwisho ningekubali kwa shingo upande. Nilikuwa nimeshaandaa mpaka uso wa kukubalia.

Ukasema, "Ahsante sana, dada Zai. Mungu akubariki." Ukanikumbatia, ukaenda moja kwa moja kumwambia matroni.

Nilikukaribisha kwa adabu, ukala kwa njaa. Nilibaki pale kwenye mashuka nikiwa na uso wangu ule wa kukubalia, sina pa kuupeleka. Baadaye sana nilikuja kuelewa kwamba kwenu mtu akisema karibu, amesema karibu. Lakini wakati huo nilikwisha kukuandika moyoni kuwa ni mtu mwenye tamaa, na nilichoandika moyoni mimi sikifuti upesi.

Kupanga rota kulikuwa kazi yangu, na kwa makubaliano yetu Jumamosi zako nikaziacha wazi. Mwaka wa kwanza, wa pili. Unapita wodini asubuhi na begi mgongoni, unatuaga, na mimi nimevaa glavu. Jumatatu unarudi na maneno mapya. Matroni akaanza kusema, "Tumuulize Venansia." Daktari naye akaanza kusema tumuulize Venansia. Nilipoona hivyo nikawa nawaambia watu kwamba mimi ndiye ninayekusomesha, na wewe unacheka unasema ni kweli. Ulikuwa unanikera ukisema ni kweli.

Kisha mwaka wa tatu, mbele ya wafanyakazi wote, matroni akatangaza kwamba ukimaliza utakuwa muuguzi kiongozi wa wodi. Yaani mimi nije nikuombe wewe ruhusa ya kumpeleka mwanangu kliniki. Nilipiga makofi. Wiki hiyohiyo nilikaa kupanga rota ya mwezi unaofuata.

Ratiba yako ya mitihani ulinipa mapema, nikaibandika mwenyewe kwenye mlango wa kabati. Ilikuwa mbele ya macho yangu. Nilipofika kwenye Jumamosi ya mtihani wa takwimu, mtihani wako wa mwisho, nikaandika jina lako zamu ya asubuhi. Kwa wino. Juu yake, mbele ya jina langu, nikaandika mapumziko. Sitakudanganya kwamba nilipitiwa. Uliposikia nimesema nilipitiwa, nilikuwa nasema uongo.

Ulikuja rota ikiwa imeshasainiwa na kutundikwa. "Dada Zai, Jumamosi hii nina mtihani." Nikakujibu kwamba nilipitiwa, na rota imeshapita kwa matroni, ningefanyaje? Wewe na mimi tulijua kwamba rota iliyosainiwa hubadilishwa kila wiki. Watu wawili wanaelewana, wanaandika kikaratasi, matroni anatia sahihi, basi. Ila Sista Roza alikuwa kwao Kasulu na wengine walikuwa wanatoka zamu ya usiku. Aliyekuwa huru ni mimi, na jina langu lilikuwa mstari mmoja juu ya lako. Nilikuona ukiufuata ule mstari kwa kidole mpaka mwisho.

Nilikuwa nakusubiri uniombe. Wallahi, Vena, nilisubiri. Nilitaka uniombe mara ya kwanza nikatae, ya pili nikatae, ya tatu nikupe, ili angalau mara moja upate kitu kwa desturi ya kwetu. Hukuomba hata mara moja. Ukasema, "Sawa. Kazi ni kazi," ukaenda kumpima presha mama wa kitanda cha tatu. Ungeweza kwenda kunishtaki kwa matroni. Hukwenda, na sijui kwa nini. Ningekuwa mimi, ningekwenda mbio.

Jumamosi ile nilikaa barazani nachambua mchele usiokuwa na jiwe hata moja. Wewe ulikuwa umemshika mkono mama mmoja wa Mwamgongo ambaye mtoto wake alikuwa amekaa vibaya, hukumwacha mpaka mambo yakawa salama. Mtoto yule anaitwa Venansia. Nimezalisha watoto mpaka nimesahau sura za mama zao, na hakuna Zaituni hata mmoja katika mwambao ule.

Chuo kikakuambia usubiri mtihani urudiwe. Wenzako wakavaa majoho, sisi tukakaa kwa wageni, na wewe ukawapigia vigelegele kila mmoja kwa jina. Sikuwahi kukuona ukilia kwa ajili ya jambo lile. Uliipiga pasi nguo yako ya kazi Jumatatu kama kawaida. Marudio yalikuwa bado hayajafika, ndipo mvua ile ikanyesha.

Msibani, wakati tunamenya ndizi, mama yako alinivuta pembeni. "Mwanangu alishindwa nini kwenye mtihani? Mbona alikuwa na akili?" Kumbe hukumwambia. Alichojua ni kwamba wenzako walivaa na wewe hukuvaa, akaamini ulifeli na ukaona haya kusema. Nikamjibu, "Mitihani ni migumu, mama." Umelala ndani, sanduku bado liko wazi, na mimi nakufelisha kwa mara ya pili.

Mwezi uliopita matroni aliniita. Nafasi ya masomo iko wazi, ni zamu yangu. Mama yako aliposikia, akaniletea madaftari yako kwa mkono wa kaka yako, akisema yamfae mwenzake. Nilianza na la takwimu, nikitafuta kosa. Ndiyo, nilikuwa natafuta kosa. Hakukuwa na kosa la maana, na mwandiko wako unajua ulivyo, hata majedwali yanapendeza. Nyuma kabisa, baada ya maswali uliyokuwa ukijifanyia ya marudio, nikakuta umechora rota. Umeipiga mistari kwa rula. Jumamosi, Zaituni mapumziko, Venansia asubuhi. Jumamosi, Zaituni mapumziko, Venansia asubuhi. Hivyohivyo mpaka ukurasa umeisha, ukageuza, ukaendelea.

Uliichora baada ya kile nilichokufanyia. Ulikuwa umeshajua, na bado ulikuwa unaniachia wazi Jumamosi zangu za darasani, zamu yangu ya kusoma itakapofika. Nilikaa na daftari lile mapajani, nikalia kwa hasira. Hata kwa wema umenizidi, na huko uliko sina rota ya kukuzuia.

Jumapili iliyopita nikapanda Kalinzi. Kwenye ile kona nilimwambia dereva wa bodaboda asimame, nikaivuka kwa miguu. Mama yako alikuwa nyuma ya nyumba anachagua kahawa. Nikamwamkia shikamoo, nikakaa kwenye kigoda, nikamwambia yote kabla hajaniuliza habari za watoto. Kwamba hukufeli. Kwamba mtihani hukuufanya kabisa, kwa sababu nilikupangia zamu nikijua, na mimi siku hiyo nilikuwa nyumbani sina kazi. Kwamba nilikuonea wivu.

Hakunitazama. Aliendelea kuchagua, mbovu huku, nzima huku. Kisha akasema, "Kwa hiyo hakufeli."

Nikasema, "Hakufeli, mama."

Akapaza sauti kwa Kiha kumwambia shangazi yako aliyekuwa jikoni, na katika maneno yale nilishika jina lako tu. Akalirudia mara mbili. Shangazi akatoka, akasimama mlangoni na mwiko mkononi, akanitazama. Nilisubiri nifukuzwe. Hakuna aliyenifukuza, na hakuna aliyeniambia nimesamehewa. Mama yako alifuta machozi kwa kitenge, akaingia ndani, akatoka na ugali wa muhogo na maharage, akaviweka mkekani mbele yangu.

Akasema, "Karibu ule."

Ungeniona, Vena. Kila nilichofundishwa kilikuwa kinaniambia niseme nimeshiba, na siku ile kulikuwa na sababu zaidi ya adabu. Mtu kama mimi anakaaje kwenye mkeka ule? Nikanawa mikono. Mara ya kwanza tu. Nikala mpaka alipoona nimekula, na yeye akamega.

Nilipoaga aliniambia neno moja tu kuhusu masomo. "Siku ukilivaa hilo joho, uje nalo hapa nilishike."

Basi nimeanza. Jumamosi yangu ya kwanza imeshapita, na mahali ulipokuwa ukikaa, pale karibu na dirisha, amekaa muuguzi mmoja wa Kidahwe anayetafuna karanga. Mwalimu wa takwimu alipita kutusalimia, akasema kuna mwenzetu marehemu aliyelielewa somo lake kuliko wote. Darasa zima likainamisha vichwa, mimi nikakunja uso. Rota nimemkabidhi Sista Roza. Nilimwomba mwenyewe aichukue, na alipouliza sababu nilimwambia.

Nakuahidi mtihani ule ulioukosa nitaufanya, na nitaufanya kwa madaftari yako. Nikifaulu nitalipeleka joho Kalinzi kabla sijapiga nalo picha na mtu yeyote. Mama yako atalishika, atalipapasa mikono, ataniangalia toka juu mpaka chini, kisha atasema kwamba wewe lingekupendeza kuliko mimi. Najua atasema. Itaniuma, kwa sababu itakuwa kweli. Sitajitetea wala sitasubiri arudie. Nitaitikia palepale, "Ndiyo, mama."

Lala salama, mdogo wangu. Jumamosi sipo wodini, nipo darasani, kama ulivyonipangia.

Dada yako,
Zai