Miche ya Rambirambi

Mamdogo wangu,

Salamu nilikutolea kaburini Ijumaa nilipokuja kukuzuru, lakini watu walikuwa wengi nikaona haya kuzungumza habari za mbolea pale. Kwa hivyo nakuandikia. Mwandiko ni ule ule wa darasa la sita, usinicheke.

Nyanya zimekufa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililonikaa kooni.

Salma wangu bado anakutafuta. Tukifika kwako Maplewood anaingia mbio kwenye grinihausi yako, anaita "Bibi!", halafu ananigeukia mimi. Mambo mengine yote siku hizi ananijibu kwa Kizungu cha huku Marekani.

Unakumbuka ile wiki kabla hujalazwa? Ulikuwa umeng'oa kila kitu mle ndani, ukanionyesha mizizi ya nyanya, ina vifundo vifundo kama tangawizi. Ukasema, "Hii ni minyoo, Mishi. Midogo, jicho haliioni. Inakula mzizi, mti unakufa kiu na maji yapo." Tukachanganya udongo na majani ya kabichi yaliyooza tuliyopewa na wale kina mama wa sokoni Saint Paul, na mbolea ya kuku, na machicha ya nazi uliyokuwa ukiyakusanya kwa kila mwenye mbuzi ya kukunia kutoka kwangu Burnsville hadi huko kwako. Tukamwagia maji mpaka udongo ukawa kama uji, tukafunika kwa plastiki, kingo tukazifukia. Uozo ukifungiwa pamoja na joto la jua, ulisema, minyoo inakosa pumzi. Mimi nilikuwa nimeziba pua kwa mtandio. "Ziba tu," ukasema, "nayo ingeziba, ila haina mtandio." Ukacheka hadi ukashika kiuno. Nilidhani ni kicheko. Kumbe kiuno kilikuwa kinauma.

"Usifunue mpaka harufu iishe." Ndilo neno uliloniachia.

Sikufunua mimi, Mamdogo. Walifunua kwa mapenzi.

Matanga yaliwekwa kwako, jua kali, watu wamejaa mpaka uani. Shoga yako Bi Fatuma akaisikia ile harufu. Nyumba ya msiba inanuka, na wageni wanatoka mbali! Mimi nilikuwa ndani mkekani, sijijui. Yeye na wenzake wakavaa glavu zao za kazini, wakafunua plastiki, wakachota ile takataka yote kwenye mifuko, wakafagia mpaka njiani. Halafu kila mmoja akaleta mche wa nyanya kutoka kwake, kwenye kopo na udongo wake, akaupanda. Wewe mwenyewe ulitufundisha kwamba msibani haendi mtu mikono mitupu. Bi Fatuma akanikumbatia, "Shamba la mamako tumekuachia linapendeza." Nilisema ahsante, na ilitoka moyoni.

Miche ikafika kiunoni. Ikaanza kunyauka mchana na kuamka jioni. Kisha ikawa haiamki. Nikanywesha kabla ya shifti, nikanywesha nikirudi, nikaongeza mbolea, nikasoma Yasin. Mwisho nikang'oa mmoja. Vifundo. Nikang'oa na jirani yake. Vifundo. Nikakaa chini pale pale nikalia kama siku ile hospitali, nilipokushika mguu juu ya blanketi kwa sababu mikono yote ilikuwa na mirija. Wengine wote mle chumbani walijua la kufanya. Mimi nilijua mguu tu.

Na yule mzee wa Kizungu aliyekukodisha uwanja ameniambia, kwa upole kweli, kwamba kama mwakani grinihausi haitazaa ataibomoa aegeshe boti yake. Nikamjibu itazaa. Nilisema kabla sijafikiri.

Basi ilibidi kurudia kazi yako sasa hivi, kabla jua la Agosti halijaisha nguvu. Ila ili nifunike lazima ning'oe miche yao, hata iliyobakiwa na majani. Nao kila Ijumaa wanapita kuitazama, huyu anasema huu wangu, yule anasema wako umekonda kama mumeo. Nilimwonyesha Bi Fatuma mzizi. Akaugeuza geuza. "Si neema hiyo? Kunde ikiwa na vifundo si ndiyo udongo umenona?" Nikamwambia kunde ni kunde, Bi. Akaguna. "Mwenye wazimu wa kunusa uozo alikuwa mamako. Wewe ungali mdogo."

Jumamosi nikaanza kung'oa. Akanikuta. "Mishi! Na wangu?"

Mche wake ndio peke yake uliokuwa na nyanya zinazoiva. Akaenda mwenyewe, akazichuma akazitia kwenye leso, akaushika mche chini akauvuta. Akautazama mzizi, nao una vifundo. "Basi hii minyoo tumeileta sisi." Nikamwambia sijui, wallahi sijui, labda ilikuwamo tangu mwanzo. Akaondoka bila kuaga. Hajapiga simu mpaka leo, na machicha kwa wenzake yamekatika.

Nimekuna nazi mwenyewe, Salma amekaa nyuma yangu juu ya mbuzi. Kabichi nimepewa; wale kina mama, tusiosikilizana lugha, walinyoosha mkono juu ya vichwa vyao, kuonyesha urefu wako, kuniuliza uko wapi. Nikaonyesha juu. Vitu havikutosha, Mamdogo, tabaka ni jembamba, lakini nimefunika na kufukia kingo kama ulivyofanya.

Sasa mawingu yamekuja hayaondoki. Asubuhi niliweka kiganja juu ya plastiki, ikawa vuguvugu tu. Jua siwezi kuliwasha. Salma akaweka kiganja chake kando ya changu, akasema kwa Kizungu chake kwamba mchanga una homa.

Nikamwambia tuombe ipande.

Kwa Bi Fatuma nitakwenda. Sitakwenda kumweleza mambo ya minyoo. Nitamwomba machicha, kwa sababu yeye ni mtu wa kuombwa.

Pumzika, mamangu. Allah akupanulie ulipo. Nami nakuahidi hili: mizizi ikitoka mwakani na vifundo vyake, nitafunika tena, na mwaka unaofuata, mpaka Salma ajue kufunika bila mimi.

Mwanao,
Mishi