Muosha Hakuoshwa

Mpendwa Shangazi Mwajuma,

Sijui kama aliyetangulia huamkiwa, lakini sijazoea kusema nawe bila kuanza na salamu. Shikamoo, shangazi.

Naikumbuka asubuhi ile ya ufukweni Kibirizi, mwaka ambao watu walikuwa wakivuka ziwa kukimbia vita, boti baada ya boti. Tulikwenda kununua dagaa, tukakuta boti moja kutoka Kongo imeshusha watu. Mwanamke mmoja hakushuka. Alikuwa amefia njiani, amelala kati ya ndoo na magodoro. Wachukuzi walisimama mbali, maana kipindupindu kilikuwa kimeshaingia mjini. Ukawauliza abiria, "Huyu ni wa nani?" Bibi mmoja akatikisa kichwa. "Simuzi," alisema, yaani simjui. Ukavua kanga yako ya juu, ukaingia majini hadi magotini, ukamfunika.

"Amefika kwetu," ulisema. "Basi ni wetu."

Ulikuwa muuza mawese tu pale Ujiji. Lakini mwezi haukuisha ukawa na wanawake saba wa kuosha na kuvika sanda maiti wasio na ndugu. Mama Yohana, jirani yetu wa Buzebazeba, alikuja na Biblia yake ukamkaribisha. Maiti asiyejulikana dini mlimwombea wote wawili, kila mmoja kwa dua yake. Hamkuwa na muhuri wala ofisi. Mjini waliwaita "wale wa maiti", na wateja wako wakahamia kwa wauzaji wengine, wakisema mikono yako inanuka kaburi.

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimepata kazi ya kuchapa orodha za wakimbizi kwenye ofisi ya shirika moja. Blauzi nyeupe, feni, chai ya saa nne. Niliona nimefika. Nilichapa majina ya watu kutwa nzima bila kumfikiria hata mmoja wao.

Kisha ikaja siku ile ya maiti watano. Mama Yohana alikuwa kalazwa na malaria, wengine wameogopa ugonjwa. Ukaja hadi mlangoni pa ofisi.

"Nisaidie leo tu, mwanangu. Niko peke yangu."

Niliziona kandambili zako zilizojaa tope. Niliwaona wenzangu wakitutazama. Nikasema kwa sauti ili wasikie, "Shangazi, sikusoma ili nije kuosha maiti."

Hukukasirika. "Haya, mama," ulisema. "Endelea na kazi." Ukaenda zako.

Siku ya tatu ukaanza kutapika. Tulikufikisha kwenye mahema ya wagonjwa macho yameshazama, ngozi imelegea. Hukunilaumu. Uliniomba maji tu, ukaniomba tena, na kabla ya adhuhuri ukanyamaza. Amri mpya ilikuwa imetoka: aliyekufa kwa kipindupindu asiguswe na ndugu. Wahudumu wakakupulizia dawa, wakakufunga kwenye plastiki, wakakuzika wenyewe. Sisi tulisimama nyuma ya kamba. Wahenga walisema muosha huoshwa. Wewe hukuoshwa, shangazi. Na mimi nilisimama pale, mikono yangu safi.

Niliacha ofisi mwezi uleule. Usidhani nilirithi moyo wako, ilikuwa aibu. Amri ilipolegezwa tulifundishwa kuvaa glavu na kuchanganya dawa, nikaenda na Mama Yohana. Kwa maiti wa kwanza nilitoka nje nikavua glavu. Akanishika kiuno. "Vuta pumzi turudi," alisema. "Mwenzetu anasubiri." Tukarudi. Wanawake nao wakarudi, mmoja mmoja, wengine wakaja na binti zao.

Leo tuko ishirini na wawili. Tumejiandikisha, tuna chumba kule Rusimbi. Watu husema nimejenga kitu kikubwa. Mimi najua kilianza na nani, na siku nyingi nikifunga mlango wa chumba kile nalisikia jibu langu la mlangoni pa ofisi.

Juzi alikuja mwanaume mmoja kutoka ng'ambo, ameshaota mvi. Anatafuta kaburi la mama yake. Alinieleza siku, nikaijua: ni ile uliyokuja mlangoni pa ofisi. Nilimpeleka kwenye makaburi matano yasiyo na majina.

"Lipi?" aliuliza.

"Ni mojawapo ya haya. Aliyejua ni shangazi yangu, na hayupo."

Kisha akapiga magoti kwenye la kwanza, akaomba, akasogea la pili, hadi la tano. Alipoinuka, suruali imejaa vumbi, akaniuliza kama kuna yeyote aliyemgusa mama yake kwa heshima kabla hajafukiwa.

"Yupo," nikamwambia. "Alikuwa peke yake, na aliwamaliza wote watano."

Akalia kwa sauti, shangazi. Nami nikalia naye.

Lala pema. Sikuombi unijibu.

Ni mimi, binti wa kaka yako.