Gundi na Jua la Ishiara

Baba,

Natumai baridi ya Nkubu haijakusumbua kifua. Huku Ishiara mchanga unachoma, na joto lake limeniharibia kazi. Nimeshindwa kukuambia kwa simu, kwa hivyo nampa kondakta kadi hii ikufikie leo.

Zile akala, viatu vyetu vya matairi, ambazo mikanda yake tulibandika kwa gundi badala ya misumari, nilimpa Mzee Juma, mchinjaji, azijaribu. Asubuhi alisifu kwamba hazimdungi. Saa saba alirudi ameshika mkanda mkononi. "Binti wa fundi, hiki ni kiatu au mkia wa ng'ombe?" Wateja wake waliomfuata wakacheka.

Kosa ni langu. Tuliijaribu gundi kwenye matope ya nyumbani, sikufikiria kwamba jua la huku lingeilainisha. Tafadhali usibandike zilizobaki. Nimeushona mkanda wake kwa uzi wa nailoni, naye amezivaa tena kwenda mnada wa mbuzi. Namngoja hapa barabarani, roho juu.

Uliweka nyundo na misumari chini kwa sababu nilikuomba. Naomba usiichukue tena kabla Mzee Juma hajarudi tuone kama uzi umeshika.

Jifunike vizuri, Baba.

Makena wako