Leland Havranek, Mpiga Mateke Aliyetaka Asemeshwe

Mwaka umezunguka, Leland, tangu asubuhi ile ya Oktoba ulipotuaga, mahindi ya ndugu yako Marvin yakiwa bado yamesimama shambani. Majirani wa kijiji chetu cha Krasna walileta mashine zao wakayavuna yote kabla theluji haijaanguka, na hakuna aliyewaomba. Marvin, ambaye alikuwa hajawahi kumshukuru mtu mbele za watu, alisimama kanisani akawashukuru, masikio yamemwiva kama nyanya. Ungekuwepo ungemtania mpaka Krismasi.

Wageni wanaopita hapa bado huuliza nyumba ya yule mpiga mateke wa Duluth ni ipi, nasi tunawaonyesha. Misimu kumi na mmoja uliichezea timu ile ya futiboli ya Kimarekani. Wenzako walikuwa mapande ya watu, wakigongana kutwa nzima kugombea kipande cha nyasi. Wewe na wembamba wako ulikaa benchi umejifunika koti, ukingoja kuitwa mara moja moja uupige mpira upite katikati ya milingoti, timu ipate pointi tatu, kisha urudi kukaa. Mama yako Libuse hakuona aibu hata kidogo. "Katika timu nzima," alikuwa akiwaambia wanawake wa kanisani, "wangu peke yake ndiye anayerudi nyumbani na suruali safi. Huyo amelelewa."

Tunakumbuka vidole vyako vikirusha nyasi hewani kupima upepo. Mpira uliuacha, tabia hiyo hukuiacha. Uling'oa majani mbele ya kanisa, kwenye harusi za watu, hata siku tuliyomzika baba yako, ukayaachia na kuyatazama yanakokwenda. Mimi mkeo nilikuuliza unapima upepo wa nini wakati hakuna mpira. Ukaniambia, "Si vibaya kujua, Arlys."

Ulipostaafu tulidhani utabaki mjini kwenye mataa. Ukarudi Krasna, ukawa dereva wa basi la shule na mkata nyasi wa uwanja wa shule. Chini ya kiti chako kulikuwa na kisanduku cha glavu za sufu, na mtoto aliyepanda mikono mitupu wakati wa baridi alishuka amevaa. Hukuwahi kumuuliza mtu kwa nini hana. Baadhi hazikurudi, na Mama Libuse alifuma nyingine huku akilalamika kwamba anauvalisha mkoa mzima.

Wanaoujua mchezo huu wanajua desturi yake. Mpiga mateke hasemeshwi. Akiitwa kupiga, wenzake husogea mbali naye kana kwamba ana ndui, na uwanja wa nyumbani hunyamaza kimya ili asibabaike. Sisi tuliichukua desturi hiyo tukaileta nyumbani, tukaizidisha. Siku ya mchezo simu haikupokelewa. Mama Libuse aliomba chumvi kwa kidole. Na mimi nilipokuwa jukwaani, kila ulipoitwa, niligeuka nikaupa uwanja mgongo, nikawa nasoma nyuso za watu. Miaka yote ile, Leland, sikuwahi kuona teke lako hata moja likipaa.

Hata lile la nusu fainali sikuliona. Kocha wa wapinzani aliomba saa isimamishwe, ikasimama, akaomba tena, ili ukae pale katikati ukiganda peke yako. Niliyajua matokeo kutoka kwa mama mmoja mwenye kofia nyekundu aliyeziba mdomo kwa mikono yake miwili. Mpira ulikuwa umegonga mlingoti. Hakuna aliyekusemesha ndani ya ndege, na ulipotufikia Krasna hata sisi tulikuwa tumejipanga mezani kama watu walio mbele ya hakimu.

Ukavua kofia, ukaulizia maandazi ya mama yako ya matunda. "Kuna kolache?"

"Za plamu zipo," mama yako akakujibu. "Za aprikoti tumezila kwa hasira."

Ulicheka mpaka ukaegemea mlango. Ukala, ukalala, na asubuhi tuliamshwa na mpira ukigonga ukuta wa ghala, dum, kisha kimya kidogo, kisha dum. Ulikuwa ukisema teke likishatoka mguuni si lako tena. Wengi wetu tulidhani ni maneno tu.

Halafu, miaka mingi baada ya kustaafu, ukaugua. Asubuhi ya upasuaji tulikizunguka kitanda chako, na desturi yetu tukaingia nayo. Marvin alitazama dari. Mama Libuse alisali midomo imefungwa. Binti yetu Libby alihesabu vigae. Ukatutazama mmoja mmoja.

"Vipi nyinyi? Nani amekufa?"

"Tunakuachia nafasi, kaka," Marvin akasema.

"Nafasi ya nini? Leo anayepiga ni daktari. Mimi ni mpira tu. Nisemesheni, jamani."

Tukatazamana kama wajinga. Ndipo ukatuambia lile ambalo hatukuwahi kulifikiria: kwamba miaka yote uliyosimama pale katikati ya uwanja, ulitamani mtu mmoja akuambie neno. Lolote, hata la kipuuzi. Kimya kile, ulisema, kilikuwa na kelele kuliko kama watu wote wale wangeshangilia.

"Sasa mbona hukusema?" Marvin akauliza.

"Ningemwambia nani? Hakuna aliyekuwa anazungumza na mimi."

Tulicheka mpaka muuguzi akaja kutazama kuna nini. Baada ya hapo tuliongea mpaka walipokuja kukuchukua, na tuliendelea kuongea miezi yote iliyobaki, na Libby ndiye aliyeongea kutuzidi wote. Miezi ile ilikuwa migumu, lakini tuliipenda.

Ulipokwenda, Libby alivitundika viatu vyake vya mpira kwenye msumari ghalani. Unakumbuka ulivyomfundisha mwenyewe mpaka akawa mpiga mateke wa timu ya shule, msichana peke yake kati ya wavulana wale, na wavulana wale wakijua kabisa kwamba hakuna anayemfikia. Aliacha. Hakulia, hakugomba, aliacha tu. Nilipomuuliza alisema, "Mama, nikisimama pale wote wananyamaza. Na wakinyamaza namsikia Baba hayupo." Ghala likakaa bila mlio kutwa na wiki na miezi, nami niliogopa, Leland, kwamba nimewapoteza wawili.

Kiangazi kikapita hivyo. Mwezi uliopita kocha wake alikuja barazani, akaacha jezi juu ya kiti, akaondoka bila kubisha hodi. Jezi ilikaa pale siku kadhaa, paka akailalia. Kisha siku moja nikaona paka amelala kwenye mbao tupu, na viatu havipo kwenye msumari. Jioni ile nikamwongezea Libby nyama kwenye sahani.

Ijumaa jioni tulicheza na Mill Ford. Tulikuwa nyuma kwa pointi mbili, saa inakaribia kuisha, na kocha akamwita Libby. Milingoti ilikuwa mbali, karibu kabisa na mwisho wa nguvu zake. Wenzake wakasogea, kama ilivyo desturi. Krasna nzima ikanyamaza, watu wazuri hawa, wakidhani wanamsaidia. Na kocha wa Mill Ford, ambaye naye si mjinga, akaomba saa isimamishwe.

Nikamwona Libby amesimama pale, mikono imening'inia, anatazama chini. Nikajua anasikia nini. Miguu yangu ilikwisha kuanza kunigeuza kwa mazoea, nikaizuia. Nikasimama juu ya benchi nikapaza sauti mpaka ikapasuka.

"Libby, umemlisha paka?"

Jukwaa zima likanigeukia. Mwalimu mkuu alinitazama kama niliyevunja dirisha la kanisa. Lakini Marvin, Mungu ambariki, alishaelewa.

"Na gari langu umelirudisha halina mafuta," akanguruma. "Ulidhani sitaona?"

"Nimeoka za plamu, mjukuu wangu," Mama Libuse akaita, amejishika begani kwangu. "Na za aprikoti. Marvin hajazigusa, nimemkalia chonjo."

Hapo kijana mmoja aliyepanda basi lako utotoni, sasa ana ndevu, akasimama upande wa pili na kusema bado ana glavu za baba yake Libby na hazirudishi. Mwingine akasema na yeye anazo. Mwishowe Krasna nzima ilikuwa inampigia Libby soga: mvua, mbwa aliyepotea, somo la hesabu analolikwepa. Waamuzi hawakujua la kufanya. Wachezaji wenzake, waliokuwa wamesogea, wakarudi wakasimama karibu naye.

Libby akainua uso. Alikuwa anacheka, Leland. Akainama akang'oa nyasi, akaziachia, akazitazama zinakokwenda.

Akapiga, nami sikugeuka. Niliuona mpira ukiondoka mguuni, ukapanda juu ya mikono yote ile ya wapinzani, ukajizungusha polepole kwenye mwanga wa taa, na nikaelewa kwa mara ya kwanza ulikuwa unafanya nini miaka yote ile nilipokuwa nasoma kofia za watu. Ni kitu kizuri sana. Samahani sitakuomba, maana najua ungesema teke limekwishatoka mguuni. Lakini nimeona.

Mpira ulipita nje ya mlingoti, kidogo tu. Tukashindwa.

Libby alitukuta kwenye gari, jasho linamtiririka. Tukasubiri, nasi hatukunyamaza, Marvin alikuwa anamlaumu mwamuzi kwa jambo lisilomhusu. "Paka sijamlisha," Libby akasema. Kisha akamtazama bibi yake. "Kolache ziko wapi?"

Alikula kuliko Marvin, jambo ambalo halijawahi kuonekana katika nyumba hii.

Jumamosi asubuhi nilikuwa jikoni, maji hayajachemka, niliposikia dum. Nikasimama na birika mkononi. Kikapita kimya kidogo, kisha dum. Mama Libuse alitoka chumbani na nywele zake zimefumuka, akakaa mezani, akafunika uso kwa aproni akalia, na mimi nikalia naye, kilio kizuri. Halafu nikafungua dirisha na kumwita mwanao, nikamuuliza kama amevaa sweta, naye akanijibu kwamba hajavaa na kwamba upepo unatoka kusini. Tuliendelea kupigiana kelele hivyo, yeye ghalani na mimi dirishani, mpaka chai ikapoa.

Ijumaa hii anapiga tena. Tutakuwepo wote, na tumeshaanza kukusanya mambo ya kumwambia.

Tunaokukumbuka ni mimi mkeo Arlys, binti yako Libby, mama yako Libuse, ndugu yako Marvin, na watoto wote wa basi waliobaki na glavu zako. Hatutakusahau siku zote za maisha yetu, Leland, wala hatutakunyamazia tena.