Breki Zilikuwa Nzima

Usinipigie. Nimejifungia chooni nyuma ya gereji ya timu, hata ovaroli ya mbio sijavua.

Uliona kwenye TV mwenzangu wa timu akinipita? Nilikuwa naongoza! Ilibaki mizunguko mitatu tu!

Sasa sikia. Hakunipita, nilimpisha. Bosi mwenyewe aliingia kwenye redio tunayosikia mimi na yeye tu: "Mpishe, yeye ndiye anawania ubingwa." Nikajifanya sijasikia. Akarudia: "Mpishe, la sivyo mkataba wako umeishia leo."

Nikampisha. Mimi! Na yule mjivuni hata mkono hakunipungia.

Ngoja, wala si hilo linaloniuma.

Tulipokuwa tunaelekea kwa waandishi wa habari, bosi akanishika bega: "Wakikuuliza, sema breki zilikusumbua." Nikasema. Mbele ya kamera zote, macho makavu kabisa: "Breki zilinisumbua."

Na breki zangu anazifunga nani? Si unamjua! Mjomba. Huyo huyo aliyenipakata kwenye usukani nikiwa sijaota hata meno ya ukubwani.

Nimerudi gereji nikamkuta amepiga magoti, amefungua magurudumu yote manne, anatafuta kosa lake. Akaniambia, "Mwanangu, leo ningekuua. Nisamehe."

Bosi kasimama pale pale, ananikazia macho.

Unajua nilimjibu nini Mjomba?

"Usijali. Nimeshakusamehe."