Ukurasa Wako, Dada Neema

Dada Neema,

Naogopa. Nianze na hilo, maana hukupenda mtu wa kuzungukazunguka.

Kesho wanafunzi wetu wana mdahalo kuhusu ile nadharia hakiki ya mbari, inayosema ubaguzi wa rangi umo ndani ya sheria na taratibu, hata pasipo mtu mwenye roho mbaya. Unajua desturi yetu: mimi ninayeikubali naandika ukurasa wa wanaoipinga, wewe unayeipinga unaandika wangu, halafu tunasomeana hadi mwenyewe aseme, "Hapo sawa, ndivyo nisemavyo." Miezi miwili sasa tangu mwili wako urudishwe Dodoma, na kurasa zote mbili nimeandika mimi. Nani ataniambia sawa?

Kitanda chako huku ughaibuni, kwenye chumba chetu cha Discovery Gardens, amepewa Mganda mmoja mpole. Shuleni madam, mwalimu mkuu, ameniita: mzazi akilalamika tena kwamba tunaegemea upande mmoja, mkataba wangu khalas, umekwisha.

Leo mchana nikausoma ukurasa wako, huo wa wanaoipinga niliouandika mimi. Aibu tupu! Wangu umejaa mifano. Wako mistari sita, mikavu, hata mtoto angeipangua. Nimekusema vibaya nawe huwezi kunijibu. Hilo limenitisha kuliko madam.

Nikauchana. Nikakumbuka siku yule mlinzi alipotufuata dukani Al Barsha, rafu hadi rafu. Mimi nikasema amefundishwa hivyo, ndivyo duka linavyoendeshwa. Wewe ukacheka, "Mdogo wangu, huyo ana akili zake. Ngoja nimwulize." Ukamwuliza kweli! Akaona haya, akaenda zake. Ukaniambia, "Ukilaumu utaratibu, yeye umemwachilia. Na watoto usiwaambie rangi yao imeshawaamulia maisha, wala usiwabebeshe makosa ya babu zao." Nimeyaandika hivyo hivyo kwenye ukurasa wako mpya. Wiki iliyofuata akatufuata mlinzi mwingine mle mle dukani, nami nikakusuta, "Haya, na huyu?" Hilo limo kwenye ukurasa wangu.

Kisha nikausoma wako kwa sauti, na kwa mara ya kwanza nikajikuta naitikia kwa kichwa. Miaka minne nimebishana nawe! Sijui kama ni hoja imenishinda au ni kukukosa tu.

Pumzika, dada. Wangu sitaupunguza, na wako sitaulegeza. Nitazisoma kurasa zote mbili kwa sauti hii hii yenye woga, na watoto wakiniuliza mimi niko upande gani, sitawaambia. Leo hata mwenyewe sijui.

Mdogo wako,
Wanjiru